Kaya zetu Kilifi: miti bado imesimama, wazee ndio wanaoisha

#1 Mjukuu wa Kaya (mleta uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Juzi nimetoka mazikoni nyumbani, upande wa Kaloleni. Tuliyemzika ni ndugu yake babu yangu, mzee wa kaya. Aliuawa usiku, ndani ya nyumba yake, baada ya karibu mwaka mzima wa watu kunong'ona kwamba ni mchawi. Jina lake naliweka moyoni kwa sababu familia haijapoa na kesi haijakwisha.

Kwenye matanga alikuja mgeni mmoja, mtu wa ofisi, akatupa pole vizuri kabisa. Kisha akatutuliza kwamba hata hivyo kaya yetu iko salama, imo kwenye orodha ya UNESCO, hakuna wa kuigusa. Nilimtazama babu. Alikuwa ameinamia mkongojo wake, hakujibu. Nikajua nisipoandika, maneno yale yatanikaa kooni.

Kwa wasio wa Pwani ya Kenya: kaya ni mji wa kale wa Wamijikenda uliojengwa katikati ya msitu mnene, mara nyingi juu ya kilima. Masimulizi yetu yanasema tulitoka Shungwaya, kaskazini, tukikimbia vita, tukaja kujisitiri kwenye misitu hii: Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Waduruma. Kaya zilianza kujengwa karne ya 16. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, zenye milango, na ndani kabisa kuna uwanja uitwao moro ambako wazee walikaa kuamua mambo ya watu. Ardhini limezikwa fingo, kinga ya mji. Baadaye watu walianza kutoka kidogo kidogo kutafuta mashamba mapana, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Zikabaki makaburi, maombi, na wazee wa kuziangalia.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya 10 kwenye orodha ya urithi wa dunia, zimetapakaa kwenye kilomita kama 200 za Pwani, jumla hekta 1,538. Hiyo ndiyo habari ambayo kila mgeni wa ofisi anaijua. Lakini mwaka uliofuata, 2009, UNESCO hiyo hiyo iliweka mila na desturi za kaya kwenye orodha nyingine kabisa: ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yaani msitu ulipewa heshima, na mwaka mmoja baadaye dunia ikaambiwa kwamba wanaoujua msitu wako mbioni kwisha. Orodha ya pili sijawahi kusikia ikitajwa kwenye hotuba hata moja kwetu.

Sasa nieleze kwa nini nasema wazee ndio ukuta wa kaya. Nilikuwa na miaka 11 tsawe aliponipeleka mara ya kwanza (tsawe ndivyo tunavyomwita babu kwa Kigiriama). Tulivua viatu kabla ya mlango. Nilifungwa kaniki kiunoni, nikaambiwa nisipaze sauti, nisichume chochote. Ndani kulikuwa na ubaridi wa ghafla, kama mtu anayeshuka kisimani. Tulipotoka akanisimamisha pale mlangoni, akanigeuza, akanikagua mabega na kichwa. Kulikuwa na jani kavu limenasa kwenye nywele. Alilitoa kwa vidole viwili, akarudi nalo ndani hatua saba au nane, akalilaza chini, akaja tukaondoka. Hakusema neno. Nina miaka 34 sasa na sijawahi kukata hata kijiti cha mswaki kwenye msitu ule.

Jani kama lile, kwa kila mtoto, kwa vizazi na vizazi, ndilo limetuachia vilima vyeusi kwa miti katikati ya minazi, mahindi na vichaka. Ndani yake kuna mimea adimu ambayo kwingineko Pwani ilishafyekwa zamani. Hakukuwa na uzio. Aliyekata mti alijulikana, akaitwa, akatozwa mnyama, wazee wakatengeneza palipoharibika. Mtu alikuwa anamwogopa mzee na kumheshimu kwa pamoja, na hicho ndicho kilichofanya kazi.

Leo kuzeeka kwetu ni hatari. Mvi, macho mekundu ya moshi wa kuni, kuishi peke yako: ushahidi umekamilika. Na nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba. Mzee ana ekari zake, vijana wanataka kuuza, mzee anakataa. Mara mtoto wa jirani anaugua, watu wanakwenda kwa mganga, jina linatajwa. Huyu wetu alikataa kuuza mara mbili. Kati ya watu waliokuwa wanajua maneno yote ya maombi ya mvua kwa kaya yetu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, yeye alikuwa mmoja wa wanne. Wamebaki watatu, na mdogo wao ana miaka 71.

Naomba kuwasilisha. Nataka kusikia wenzangu wa Kilifi na Kwale: huko kwenu hali ikoje, na nani anafanya kitu kinachosaidia kweli?

#2 Mwalimu wa Ganze

Pole sana ndugu yangu. Mungu amlaze mzee pema.

Uliyoyasema ni kweli tupu. Mimi nafundisha huku Ganze miaka 12. Kuna wazee hapa kijijini wanaopaka nywele rangi nyeusi. Mtu wa mbali anaweza kudhani ni urembo. Nilimkuta baba mmoja wa makamo ya babu yangu amekaa nyuma ya nyumba na kioo kidogo, mkewe anampaka kwa mswaki wa meno, mikono yote miwili imeingia weusi. Akanisalimia kwa aibu. Nilimwamkia, nikapita upesi kama sijaona.

Huku tuna Kaya Godoma, na wengi mnajua kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliotuhumiwa uchawi wakakimbia makwao. Nimefika pale na wanafunzi. Wale wazee wanaishi kama wakimbizi kilomita chache tu kutoka kwenye migomba waliyoipanda wenyewe. Wanafunzi wangu walipouliza maswali, mzee mmoja aliwaimbia wimbo wa kazi wa zamani, na darasa zima hakuna aliyewahi kuusikia. Nikajiuliza, je, kama siku ile wauaji wangemfikia kabla hajakimbia?

Mleta uzi, umegusa jambo ambalo mikutano ya uhifadhi hailigusi. Wanazungumza mipaka, miche ya kupanda, mabango. Suala la wazee kuuawa linaachiwa polisi, kana kwamba halina uhusiano na msitu.

#3 Mdigo wa Msambweni

Naweka kambi hapa.

Kwa upande wa Kwale, mfano mzuri nilionao ni Kaya Kinondo, karibu na Diani. Ni msitu mdogo, hekta kama 30, umezungukwa na mahoteli na viwanja vya bei kubwa. Wazee pamoja na Makumbusho ya Taifa walikubaliana wageni waingie kwa utaratibu: unafungwa kaniki, unavua kofia, huchukui kitu, unapita njia ile ile, sehemu za makaburi na maombi huendi. Kiingilio kinasaidia kijiji. Vijana ndio wanaotembeza wageni, kwa hiyo imewabidi wajifunze majina ya miti na dawa kutoka kwa wazee. Kijana asiye na kazi akiona mzee ndiye darasa lake, hawezi kuwa wa kwanza kumwita mchawi.

Nakubali hili haliwezekani kila mahali. Kinondo ina bahati ya kuwa karibu na watalii. Kaya ya bara kule Ganze au Kinango nani ataifuata kwa vumbi lile?

#4 Mwokovu wa Mariakani

Poleni kwa msiba. Kuua mzee ni dhambi na ni jinai, hilo halina mjadala.

Lakini niseme ninaloliamini bila kificho. Mimi ni Mkristo, na babangu alitoka kwenye mambo ya kaya akaokoka. Mnapotaka watoto wapelekwe msituni kufundishwa maombi ya mizimu, mnawarudisha kule wazazi wetu walikotoka. Msitu uhifadhiwe kama msitu, Idara ya Misitu ipo. Historia iandikwe vitabuni. Kwa nini lazima na matambiko?

#5 Mjukuu wa Kaya (mleta uzi)

Ahsanteni nyote. Mwalimu, picha ya yule baba na mswaki wa meno sitaisahau.

Ndugu wa Mariakani, nashukuru umesema wazi na kwa adabu. Nami nakujibu hivyo hivyo. Mamangu ni mlokole wa tangu 1989, kila Jumapili yuko kanisani. Nina shangazi walioolewa Uislamu. Hakuna kati yao anayeingia kaya kuomba, na hakuna anayeiba kuni humo. Heshima kwa mahali walipolazwa wazazi wetu haijawahi kumvunjia mtu dini yake kwetu.

Kuhusu kuutenga msitu na matambiko, hapo ndipo nataka tutazame historia. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, watu wakala kiapo cha kukataa kodi na kazi ya lazima ya Waingereza. Serikali iliwakamata wote wawili Oktoba mwaka ule, ikawapeleka mbali, Kisii. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu. Serikali ikaona kwamba shida ni mahali penyewe, na Agosti 1914 ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Milango ikavunjwa, miti mikubwa ikaangushwa.

Kaya ilirudi. Msitu uliota tena, mpaka leo wazee wanakutana pale. Waliobaki hai walijua moro ulikuwa wapi, mlango ulikuwa wapi, nani ana haki ya kutangulia kuingia. Baruti haikuweza kulipua hayo. Sasa niambie, wakiondoka hao watatu wa kwetu bila kurithisha, hata kama hakuna mti mmoja utakaokatwa, kitabaki nini zaidi ya kilima chenye miti? Na kilima chenye miti kisicho na mwenyewe, Pwani hii ya viwanja, kinakaa miaka mingapi?

Mdigo, hoja ya Kinondo naikubali. Nilifika pale. Kilichonifurahisha ni kuona mzee amekaa nyuma, kijana anaeleza, na kijana akikosea mzee anakohoa kidogo, basi kijana anarekebisha.

#6 Binti Rabai

Tafadhali tuzungumzie pia vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki. Sisi Rabai tunajulikana kwa kanisa la wamisionari Krapf na Rebmann na makumbusho yake, watalii wanapitia hapo, lakini habari ya vigango vijana wengi hawaijui, na wengine wanadhani ni vinyago vya kuuza Mombasa. Nimesikia vimeanza kurudishwa kutoka Marekani. Viko wapi sasa? Vinarudishwa kaya?

#7 Mdau wa ughaibuni

Binti Rabai, mimi niko Marekani mwaka wa 9. Niliingia makumbusho fulani na watoto, wakati wa mapumziko ya shule. Kwenye kona ya sanaa za Afrika kulikuwa na kigango kimesimamishwa kwenye kipande cha chuma, taa inamulika kutoka juu. Kibandiko kilisema Giriama, Kenya, mbao. Basi. Hakuna jina la aliyekufa, hakuna kijiji, hakuna aliyekiuza.

Chini kilikuwa kimekatwa kwa msumeno. Alama za meno ya msumeno zilionekana wazi, hawakujali hata kuzilainisha. Mwanangu wa miaka 6 akaniuliza kwa nini nalia. Nilishindwa kumjibu mbele za watu, nikamwambia ndani ya gari.

#8 Mjukuu wa Kaya (mleta uzi)

Ndugu yangu wa ughaibuni, pole. Hapo kwenye msumeno umesema kila kitu.

Binti Rabai, kwanza nisahihishe jambo ambalo hata magazeti huchanganya: kigango hakikai kaya. Kigango ni cha boma, cha nyumbani. Mtu aliyekuwa kwenye chama cha Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, akifa hachongewi mara moja. Huenda miaka ikapita. Siku moja anamjia mtu wa nyumba yake ndotoni, au nyumba inapata misukosuko, familia inajua mzee anadai mahali pake. Hapo anaitwa fundi, unachongwa mti mgumu, wenye kichwa cha duara au bapa, na mwili uliojaa pembetatu ndogo ndogo zilizochimbwa kwa patasi safu kwa safu. Kinasimikwa, kinafungwa vitambaa shingoni, kinamwagiwa mnazi. Asiyekuwa wa Gohu anawekewa koma, kijiti kidogo kisicho na nakshi. Kigango kikishasimikwa hakingʼolewi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki pale pale mpaka kiozee mahali pake. Kuoza ni sehemu ya mambo yake.

Na huko kuhama ndiko wezi walikopitia. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa sanaa waliviona vimesimama kwenye maboma yaliyoachwa, vijana wakatumwa, msumeno ukapita usiku. Kijana alilipwa fedha kidogo, ng'ambo kitu kile kile kikauzwa kwa maelfu ya dola. Vingi vikaishia kwenye makumbusho kama zawadi za matajiri. Watafiti wawili, Monica Udvardy na Linda Giles, walivihesabu wakakuta zaidi ya 400 kwenye makumbusho ya Marekani pekee.

Ni Udvardy huyo huyo aliyempiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mwaka 1985, amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibiwa. Miaka mingi ikapita, akaviona tena, kimoja Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Ile picha ndiyo ikawa ushahidi, na mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kijijini kwa sherehe. Mzee alikuwa ameshakufa. Familia ikavizungushia vyuma ili visiibiwe mara ya pili.

Baada ya hapo milango ikafunguka taratibu. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, lakini safari yenyewe ikachukua miaka. Makumbusho ya Jimbo la Illinois ikarudisha 37 hivi karibuni. Hivi vingi viko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Na sababu ya kuwa huko ndiyo inayoniuma: hakuna anayejua ni vya boma gani. Mwizi hakuandika. Mnunuzi hakuuliza. Aliyebakia kuweza kukitazama kigango akasema huyu ni fundi wa upande fulani, hizi pembetatu ni za mkono wa mtu fulani, ni mzee. Ndugu ya babu yangu alikuwa anaweza. Nilimwonyesha picha za vigango kwenye simu mwaka jana. Alishika simu kwa mikono miwili, akasogeza uso karibu, picha ya tatu akasema hiki ni cha upande wa Ganze, fundi wake alikuwa wa mkono wa kushoto, tazama pembetatu zinavyolalia. Nilisema nitarudi na karatasi niandike. Sikurudi kwa wakati.

#9 Mkauma wa Jaribuni

Nimesoma uzi wote, nimeshindwa kunyamaza.

Kwetu adui mwingine ni mashimo. Jaribuni ardhi ina madini ya chuma, na uchimbaji umeisogelea Kaya Kauma kiasi cha kwamba vumbi la malori linalala juu ya majani. Kila tukilalamika tunaulizwa, mpaka wenu ni upi? Wazee wanaonyesha mti, jiwe, kijito. Afisa anataka ramani. Mti ule wa mpaka ukikauka, mpaka umehama.

Kwa hiyo mleta uzi, wazee ni muhimu, nakubali, lakini bila karatasi za ardhi tutakuwa na wazee wazuri wasio na msitu.

#10 Karani wa Ardhi

Mkauma yuko sahihi, na niongeze upande wa sheria maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Katiba ya 2010, Ibara ya 63, inataja wazi kwamba ardhi inayotumiwa na jamii kwa misitu ya jamii, malisho au mahali patakatifu ni ardhi ya jamii. Neno lipo, watu hawalitumii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka njia: jamii inajiandikisha, inachagua kamati, ardhi inapimwa, hati inatoka kwa jina la jamii. Mpaka hapo ndipo mtu akija na makaratasi yake mtakuwa na yenu ya kumwekea mezani. Kutangazwa kwenye gazeti la serikali kama mnara wa kitaifa, yaani mahali pa urithi panapolindwa na sheria, ambako kaya zaidi ya 40 zimetangazwa, kunazuia kuharibu. Hati ya ardhi ni jambo jingine, na wengi wanachanganya haya mawili.

Sasa mkanganyiko wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeacha minara ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu, na shughuli za utamaduni pamoja na makumbusho kwa kaunti. Matokeo yake mzee akienda Nairobi anaambiwa utamaduni uko kaunti, akija kaunti anaambiwa kaya ni ya Makumbusho ya Taifa. Nimewaona wazee wamekaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi, na kofia zao na mikongojo, wanapelekwa dirisha hadi dirisha. Nawashauri hivi: ombi la kupima ardhi peleka kama jamii iliyosajiliwa, na nakala wapeni Makumbusho ya Taifa siku hiyo hiyo, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri iwekwe kwa mtu asiyehama hama.

Na jambo la kuwaambia vijana: kamati ya ardhi inahitaji kupangiwa vikao, kuandika mihutasari, kujibu barua. Wazee hawataweza peke yao. Hapo kijana aliyesoma ana kazi ya kaya bila hata kuingia kaya. Hata ndugu yetu wa Mariakani anaweza kuwa mwandishi wa kamati, imani yake haiguswi.

#11 Mwokovu wa Mariakani

Karani, nimekusikia. Hilo naweza. Babangu kabla hajaokoka alikuwa anatumwa na wazee kuita watu vikaoni. Nitaulizia kwetu kama jamii imejisajili.

#12 Tanga Barabara ya 20

Sisi Wadigo wa upande huu wa mpaka tunawasoma. Bibi yangu alikuwa akitaja kaya za Kwale kwa majina kama anavyotaja ndugu, ingawa tangu kuzaliwa yuko Tanga. Alifariki 2016. Ningejua ningemrekodi. Mwalimu, kama unawafundisha wanafunzi kurekodi, waambie waanze na nyimbo.

#13 Mwalimu wa Ganze

Tumeanza, lakini kuna fundisho tulilipata kwa uchungu. Mara ya kwanza tulifika kwa mzee na simu tano, kila mtoto anarekodi. Mzee alizungumza dakika kumi, akanyamaza. Baadaye akaniita pembeni, akaniuliza sauti yake itakaa kwa nani, na nani ataisikiliza kabla hajafa. Sikuwa na jibu. Kuna maneno ambayo hayasemwi kwa asiyehusika, na mengine hayasemwi mchana. Sasa tunakwenda na daftari, mtoto mmoja au wawili, ambao mzee mwenyewe amewachagua. Mambo ya majina ya miti, mipaka, nani alizikwa upande gani, hadithi za safari kutoka Shungwaya, hayo anatoa kwa moyo. Maombi anamwachia atakayemrithi. Daftari letu la kwanza limejaa, lina majina ya miti 63 kwa Kigiriama. Nimelitoa nakala mbili.

#14 Mjukuu wa Kaya (mleta uzi)

Narudi na mrejesho, wiki tatu baada ya kuanzisha uzi.

Karani, nilifuata ushauri wako. Jamii yetu ilikuwa haijasajiliwa, na wengi walidhani ilishasajiliwa kwa sababu mwaka fulani walipigwa picha na kutia sahihi karatasi. Tumefanya mkutano chini ya mwembe, watu 58, wanawake 31. Kamati imechaguliwa. Mamangu ndiye mweka hazina.

Kuhusu mauaji, tulipeleka jambo lile mkutanoni bila kuzungukazunguka. Babu alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alizungumza mbele za watu. Aliwataja waliofariki wa kaya yetu mmoja mmoja, kuanzia anaowakumbuka utotoni, na kila jina akasema alijua nini: huyu dawa ya nyoka, huyu mpaka wa mashariki, huyu maneno ya mvua. Alipofika kwa ndugu yake akasema, huyu alijua majina ya mafundi wa vigango, na hakuna mwingine. Akakaa. Mkutano ulikuwa kimya mpaka mtoto akalia kwa mbali. Vijana wawili ambao nilikuwa nawashuku kwa mdomo mchafu dhidi ya wazee walikuja jioni nyumbani, wakaketi, wakamwamkia babu, hawakusema zaidi, wakaondoka. Sijui walichokuwa nacho moyoni. Kesho yake mmoja akarudi kumpasulia kuni.

Mpwa wangu ana miaka 12. Mamake, dada yangu, amekubali aende. Babu amekubali kumpeleka kwa sharti la simu kubaki nyumbani na mimi nitangulie siku moja kabla kufyeka njia ya nje, ile isiyo ya kaya, maana magoti ya babu hayawezi tena vichaka. Nimeshanunua kaniki mita mbili pale Kaloleni. Mwenye duka aliuliza ni ya nini, nikamwambia. Akaongeza nusu mita bila kulipisha.

Tunaingia Jumamosi alfajiri. Nikirudi nitaandika yale yanayoandikika.